Mstahiki Meya anaringia nini? Safari ya diwani wa Kigoma Ujiji, kutoka mtaani hadi joho

Kila uchaguzi mkuu ukipita, vijiwe vya kahawa vya Mwanga na Ujiji hurudia maswali yale yale. Huyu meya tulimpigia kura lini? Kama ndiye mkubwa wa mji, mbona barabara ya kwetu bado mashimo? Na kama hana fedha mkononi, lile joho na ule mkufu ni vya nini? Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 umepita, madiwani wapya wameapa, na maswali yamerudi. Majibu mengi yanayotolewa vijiweni ni nusu kweli, na nusu kweli ndiyo inayompa mwanasiasa wa mji nafasi ya kujitapa kwa asichokifanya, au kulaumiwa kwa asichokiweza.

Ukitaka kumjua diwani au meya, angalia kikao. Nguvu yake yote iko mle. Akitoka nje ya ukumbi anabaki na heshima, sauti na namba nyingi za simu, basi. Ukilishika hilo, maisha yake yote ya kisiasa yanaanza kueleweka, pamoja na maringo yake.

Tuweke majina mahali pake

Mji umegawanywa mitaa. Kila mtaa una mwenyekiti, na huyo huchaguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa unaosimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024. Mitaa kadhaa hufanya kata, na kila kata ina diwani mmoja anayechaguliwa siku moja na mbunge na rais, chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kwa hiyo anayesema "tumchague diwani" mwezi Novemba wa mwaka unaotangulia uchaguzi mkuu amechanganya chaguzi mbili, na wapo wengi waliokwenda kituoni kwa mchanganyiko huo.

Madiwani wote wakikaa pamoja ndiyo baraza la madiwani. Manispaa ya Kigoma Ujiji ina kata 19, kuanzia Kibirizi na Bangwe zilizo ufukweni hadi Buhanda, Kipampa na Kasingirima. Hao 19 wa kata wanaongezewa madiwani wanawake wa viti maalumu, ambao hawapungui theluthi moja ya waliochaguliwa, pamoja na mbunge wa Kigoma Mjini, ambaye kwa sheria ni mjumbe wa baraza kama wenzake.

Mwenyekiti wa baraza la manispaa au la jiji ndiye anayeitwa meya. Kwenye halmashauri ya mji au ya wilaya, mtu wa cheo kilekile anaitwa mwenyekiti tu, hana joho la meya wala "Mstahiki". Hapa kuna mkanganyiko wa watu wa Mwandiga. Mwandiga ni karibu na Mwanga, daladala ni zile zile, lakini kata hiyo iko Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Mkuu wa wilaya ni mmoja kwa halmashauri zote mbili, mabaraza ni mawili. Meya wa Kigoma Ujiji hana hata kiti cha kukalia kwenye mambo ya Mwandiga. Tabora nako ni hivyo hivyo: Manispaa ya Tabora ina meya, Uyui inayoizunguka ina mwenyekiti. Na kwa wanaopenda kusema "jiji letu", si Kigoma wala Tabora iliyo jiji. Zote mbili ni manispaa.

Njia ya kuingia

Sheria inataka mgombea udiwani awe raia, awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri, awe na kipato halali, na awe mwanachama aliyedhaminiwa na chama. Mgombea binafsi hayupo. Sharti la chama ndilo linalochonga tabia ya mwanasiasa kuliko yote, kwa sababu mlango wa kwanza anaobisha ni wa tawi la chama chake, wa mpiga kura unafuata.

Hapo kuna kura za maoni. Anayeongoza kura za maoni hajawa mgombea bado. Majina hupanda kwenye vikao vya juu vya chama, na huko jina linaweza kurudi au kukatwa. Ndiyo maana unaona mtu kashinda kwenye kata, kabebwa juu juu kwa vigelegele, wiki chache baadaye anasikia jina la mshindi wa pili. Anayetaka udiwani mwaka wa uchaguzi lazima awe ameanza miaka mitatu nyuma: kwenye misiba, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, kwenye timu za mpira za kata, kwenye michango ya msikiti na kanisa. Gharama ya kweli ya udiwani iko hapo, wala haionekani kwenye fomu yoyote.

Jina likirudi salama, linakuja suala la fomu, na hapa wengi wameangukia. Mgombea anahitaji wadhamini ambao ni wapiga kura walioandikishwa ndani ya kata hiyohiyo. Mdhamini wa Gungu hawezi kumdhamini mgombea wa Rusimbi hata kama ni baba yake mzazi. Kuna tamko la kuapa mbele ya hakimu, kuna muhuri na saini ya chama, kuna majina yanayotakiwa kufanana herufi kwa herufi na ya kwenye daftari la wapiga kura. Kosa dogo, kama kuandika kazi yako "mkulima" kwenye karatasi moja na "mfanyabiashara" kwenye nyingine, linampa mpinzani hoja ya pingamizi. Vyama vyenye uzoefu huwaleta wagombea wao siku moja kabla, karatasi zote zikapitiwa na mtu anayejua sheria. Vyama visivyojipanga huja saa tisa alasiri siku ya mwisho, wakati dirisha hufungwa saa kumi.

Meya hupatikana vipi

Wananchi hawamchagui meya. Wanamchagua diwani, na madiwani ndio wanaomchagua mmoja wao awe meya. Kikao cha kwanza cha baraza huitishwa na mkurugenzi, madiwani wanaapa, halafu wanapiga kura ya siri. Meya anakaa miaka mitano. Naibu wake huchaguliwa upya kila mwaka, na wasiofuatilia hawajui kwamba kura hiyo ya naibu ndiyo kipimajoto cha meya. Naibu aliye mtu wa meya akiangushwa mwaka wa pili, ujue madiwani wameanza kunong'ona.

Lakini hata kura ile ya siri mara nyingi ni ya kuthibitisha tu. Uamuzi wenyewe hupitishwa kabla, kwenye kikao cha madiwani wa chama chenye wengi. Chama hupeleka jina moja ukumbini na madiwani wake hufungwa na msimamo huo. Mwaka 2015 Kigoma Ujiji iliona uzito wa jambo hili: ACT-Wazalendo ilipata wingi wa madiwani, na Hussein Ruhava akawa meya kwa tiketi ya chama hicho, wakati halmashauri karibu zote nchini zilikuwa na CCM au Chadema. Mji huu una historia ya kutotabirika. Dk. Aman Walid Kabourou aliubeba ubunge wa Kigoma Mjini kwa Chadema mwaka 1995, enzi ambazo kuwa mpinzani kulihitaji moyo, na baadaye akahamia CCM.

Kwa hiyo meya anapojidai kwamba "watu wa Kigoma wamenipa mji huu", apunguze kidogo. Watu wa kata moja wamempa udiwani. Umeya amepewa na wenzake wasiofika 30, wengi wao wakitii maelekezo ya chama.

Nani ana kalamu

Hapa ndipo palipojaa mchanganyiko. Kuna watu wanne wanaoitwa wakubwa wa mji: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa manispaa na meya. Watatu wa kwanza wote wameteuliwa na Rais. Wa nne peke yake ndiye aliyepita kwenye kura, na ndiye asiye na kalamu ya fedha.

Mkurugenzi ni afisa masuuli. Yeye ndiye anayeidhinisha malipo, anasaini mikataba, anasimamia watumishi, na ndiye katibu wa baraza. Hesabu zikiharibika, mkaguzi humuuliza yeye. Meya haidhinishi malipo, haajiri mhasibu, hatoi zabuni. Anaongoza baraza, na anaongoza Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo ndiyo kamati nzito kuliko zote kwa kuwa taarifa za mapato na matumizi hupitia hapo kabla ya kwenda kwenye baraza.

Fikiria kamati ya harusi. Mwenyekiti hukaa mbele, hufungua kikao, hubana waliochelewesha michango, husomewa mapato na matumizi. Daftari na fedha viko kwa mweka hazina. Mwenyekiti akitaka muziki mkubwa zaidi, kikao kikubali kwanza, halafu mweka hazina atoe. Sasa ongeza jambo moja: mweka hazina huyu hakuchaguliwa na kamati, ametumwa na baba wa bwana harusi anayeishi Dodoma, na baba anaweza kumwondoa kesho bila kumuuliza mwenyekiti. Ndivyo meya na mkurugenzi wanavyoishi.

Meya hodari huifanyia kazi hali hiyo kwa maazimio. Baraza likiazimia jambo, likaandikwa kwenye muhtasari, mkurugenzi anatakiwa alitekeleze au aje aeleze kwa maandishi kwa nini hajatekeleza. Baraza linaweza kukataa kupokea taarifa ya robo mwaka mpaka irekebishwe. Linaweza kujigeuza kamati, wageni wakatoka nje, likajadili nidhamu ya watumishi. Linapitisha bajeti. Linatunga sheria ndogo, za ushuru, usafi, mifugo inayozurura, ingawa sheria ndogo haifanyi kazi mpaka waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa airidhie na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Meya dhaifu hugombana na mkurugenzi kwenye redio na kutishia kwamba "nitamwondoa", kitu asichokiweza. Anachoweza ni baraza kuazimia kwamba halina imani naye na kupeleka azimio kwa mamlaka ya uteuzi. Wakati mwingine hufanya kazi. Wakati mwingine mkurugenzi anahamishwa tu kwenda halmashauri nyingine.

Fedha: kwa nini kata yako inapata kidogo

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwongozo wa bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka, vipaumbele huanzia mkutano wa mtaa, vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa manispaa, kamati za madiwani, na baraza kamili, ambalo kwa kawaida hukaa kupitisha bajeti Januari au Februari. Kutoka hapo inakwenda mkoani, TAMISEMI, na Bunge. Kamati ya Maendeleo ya Kata inaongozwa na diwani, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, mtendaji wa kata ni katibu. Diwani asiyeitisha kikao hicho kwa wakati, kata yake haina mradi kwenye makabrasha, halafu Februari anapiga kelele barazani kwamba kata yake "imesahaulika".

Sasa hesabu, kwa tarakimu za mfano. Tuseme manispaa imekusanya mapato ya ndani bilioni 3 kwa mwaka: ushuru wa masoko, stendi na mialo ya kupokelea samaki, leseni za biashara, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni na wafanyabiashara, vibali vya ujenzi na vinginevyo. Halmashauri nyingi hutakiwa kupeleka asilimia 40 ya mapato hayo kwenye maendeleo. Kwenye mfano wetu ni bilioni 1.2. Ndani yake kuna asilimia 10 ya mapato inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, yaani asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Hiyo ni milioni 300. Zimebaki milioni 900. Gawa kwa kata 19: kila kata inapata kama milioni 47. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, kila chumba kilipangiwa milioni 20. Kwa hiyo fungu la kata kwa mwaka mzima ni vyumba viwili vya madarasa na chenji, na hapo ni kama makusanyo yamefika yote.

Makusanyo hayafiki yote. Ushuru hukusanywa kwa mashine za POS na malipo kwa namba ya kumbukumbu, lakini pesa taslimu ikiingia mkononi mwa mkusanyaji na isifike benki kwa wakati, huo ndio ugonjwa ambao ripoti za Mkaguzi Mkuu, CAG, hurudia mwaka hadi mwaka. Watu wa halmashauri wana jina lake: kutumia fedha mbichi. Diwani anayejua kazi yake haulizi "tumekusanya ngapi". Anauliza mashine ngapi ziko mtaani, ngapi zimezimwa, na tofauti kati ya kilichoonekana kwenye mfumo na kilichoingia benki.

Pia kuna mapato ambayo halmashauri haiyashiki tena. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikawa 1,500. Ushuru wa wamachinga nao ulipigwa chini na kitambulisho cha shilingi 20,000 kilichoanza Desemba 2018. Na kwa Kigoma kuna ziwa. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili dagaa na migebuka wapumue. Uamuzi huo haukupigiwa kura na diwani yeyote wa Kibirizi, lakini mwalo ukinyamaza ushuru wa mwalo unanyamaza, na anayesimama mbele ya wavuvi kujibu ni diwani.

Mikopo ya asilimia 10 nayo ina hadithi yake. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, kisha ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya, na Kigoma Ujiji ilitajwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kukopesha kupitia benki. Diwani hagawi mikopo hiyo, ingawa kwenye kampeni utasikia "mimi nitawapa mkopo". Anachoweza ni kusaidia kikundi kisajiliwe, kiandike andiko linaloeleweka, na kuuliza kwa nini cha kata yake kimekwama.

"Mimi ndiye niliyeleta lami"

Barabara ndizo zinazopandisha na kuangusha madiwani, na ndizo zilizo mbali na mikono yao. Barabara za mitaa na za mjini zilizokuwa chini ya halmashauri zilihamishiwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala mwingine wa Serikali Kuu. Maji ya mjini ni ya mamlaka ya maji. Umeme ni TANESCO. Kilichobaki kwa manispaa ni taka, masoko, stendi, machinjio, shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, viwanja na vibali vya ujenzi, makaburi, na usafi wa mifereji kwa sehemu.

Kwa hiyo mwananchi wa Katubuka anayelalamikia maji ya mvua yaliyokosa pa kutokea amwulize diwani swali moja: umepeleka kwenye kikao gani, na barua kwa TARURA ni ya tarehe ngapi? Diwani hana greda. Ana haki ya kumwita meneja wa TARURA wa wilaya aje mbele ya baraza aeleze mpango wake wa mwaka, barabara kwa barabara, kilomita kwa kilomita. Wanaoitumia haki hiyo hupata angalau kifusi.

Na lami je? Sehemu kubwa ya barabara za lami na taa za barabarani zilizobadilisha sura ya Kigoma mjini zilitoka kwenye mradi wa miji mkakati wa Serikali Kuu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao ulizihusisha pia Arusha, Mwanza, Mbeya, Tanga, Dodoma na Mtwara. Uliofuata, TACTIC, unasimamiwa na TARURA, na Kigoma Ujiji na Tabora zote zimo kwenye kundi la kwanza. Meya aliyekuwa madarakani siku ya kuzindua hukata utepe na kupigwa picha. Haki yake ya kujisifu ipo, ila ndogo: baraza lake lilitoa maeneo, lilitatua migogoro ya fidia, pengine lilipigania barabara ya Buzebazeba iingie kabla ya nyingine. Akisema zaidi ya hapo anajipakulia.

Kuna na jambo moja la fahari ambalo manispaa hii ililipata kwa juhudi yake yenyewe. Mwaka 2016 Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa moja ya serikali 15 za majimbo na miji duniani za kuanzisha mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi katika ngazi ya chini, ikikaa orodha moja na Paris, Madrid, Seoul na Elgeyo Marakwet ya Kenya. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa kwenye mpango huo wa kimataifa, na safari ya manispaa ikakatikia hapo. Hakuna mfano mzuri zaidi wa mpaka wa baraza: linaweza kubuni na kufungua mlango mkubwa, lakini kitasa kiko Dodoma.

Posho, mshahara na hati safi

Diwani halipwi mshahara. Analipwa posho ya mwezi, na tarakimu iliyozoeleka kwa miaka mingi ni shilingi 350,000, pamoja na posho za vikao na nauli. Zamani halmashauri zenyewe ndizo zilizolipa, na zile maskini zilikuwa zikikopa madiwani wake miezi kadhaa. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu imebeba mzigo huo kwa halmashauri zenye mapato madogo. Meya hupata zaidi ya diwani wa kawaida, na gari la ofisi. Lakini yeye na madiwani wote wamo kwenye Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, kwa hiyo wanatakiwa kutoa tamko la mali na madeni kila mwisho wa mwaka.

Pima sasa: 350,000, misiba minne kwa wiki, harusi kila Jumamosi, mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Maweni, karo ya mtoto wa jirani. Hapo ndipo diwani anapoanza kutafuta pembeni, na hapo ndipo tenda za mafundi, viwanja na vibanda vya soko vinapoanza kunuka. Wananchi wana mkono kwenye hilo. Kata inayomgeuza diwani benki ya kijiji isishangae akitafuta mtaji.

Na "hati safi" ambayo kila meya huitaja kwenye hotuba? Hati safi ya CAG maana yake ni kwamba taarifa za hesabu zimeandaliwa kwa kufuata kanuni na zinaonyesha hali halisi kwa kiwango kinachokubalika. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba, wala kwamba soko limejengwa kwa bei nzuri. Halmashauri inaweza kupata hati safi na ripoti hiyohiyo ikawa na kurasa za hoja: ushuru usiopelekwa benki, mikopo isiyorejeshwa, vifaa vilivyolipiwa visiwepo stoo. Soma hoja kwanza, hati baadaye.

Wanavyoanguka, wanavyopanda

Diwani hupoteza kiti akikosa vikao mfululizo bila ruhusa, akihama chama au akifukuzwa uanachama. Hilo la mwisho ndilo fimbo ambalo chama humshikia. Meya kwa upande wake anaweza kung'olewa na wenzake kwa kura ya theluthi mbili ya wajumbe wote, kwa sababu zilizotajwa na sheria kama rushwa, matumizi mabaya ya madaraka au mwenendo usiofaa, baada ya tuhuma kuchunguzwa na yeye kupewa nafasi ya kujitetea. Januari 2020 meya wa Dar es Salaam, Isaya Mwita, aling'olewa hivyo, na hesabu ya theluthi mbili ndiyo iliyokuwa ugomvi wenyewe. Mwaka uliofuata halmashauri ile ya jiji ikavunjwa yote, Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Wanaopanda nao wapo. Clayton Chipando, msanii anayejulikana zaidi kwa jina la Baba Levo, alikuwa diwani wa Mwanga Kaskazini kwa ACT-Wazalendo baada ya uchaguzi wa 2015. Mwaka 2025 alitangazwa mbunge wa Kigoma Mjini, safari hii kwa CCM. Udiwani kwa wengi wa aina hiyo ni mahali pa kujifunza kusema na watu na kujenga mtandao wa wenyeviti wa mitaa, ambao siku ya kura za maoni una thamani kuliko bango lolote. Wengi zaidi hurudi dukani au shambani baada ya muhula mmoja.

Ukitaka kujua wako yuko kundi gani, mikutano ya baraza kamili iko wazi kwa wananchi na hufanyika kila robo mwaka. Ulizia tarehe kwa mtendaji wa kata, fika mapema, kaa viti vya nyuma. Usipoteze masikio yako kwenye hotuba ya ufunguzi. Subiri ajenda inayoitwa yatokanayo na kikao kilichopita, ambapo kila azimio la robo iliyopita husomwa pamoja na utekelezaji wake. Ukisikia "utekelezaji unaendelea" kwa jambo lile lile la robo tatu zilizopita, tazama ni diwani gani anayenyanyua mkono kuuliza, na kama Mstahiki anampa nafasi au anapitisha ukurasa.